Mpigaji chipukizi wa besiboli: namna ya kusoma takwimu zake na kupima mustakabali wake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Waswahili wengi waliohamia Louisville, Des Moines au Portland ya Maine wanaishi karibu na kiwanja cha besiboli bila kujua kina uzito gani. Louisville Bats na Iowa Cubs wako daraja moja tu chini ya ligi kuu ya Marekani. Portland Sea Dogs wako madaraja mawili chini. Kijana unayemwona pale Jumanne jioni, watazamaji wakiwa wachache, mwezi ujao anaweza kuwa kwenye televisheni ya taifa. Ndiyo maana swali huwa ni lile lile: huyu atafika? Majibu yaliyo hapa chini yanahusu wapigaji peke yao. Warushaji wana elimu yao.

Ligi ndogo zimepangwaje?

Kila klabu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne za chini zinazocheza msimu mzima, jumla timu 120. Mpangilio huu ulianza 2021. Kabla ya hapo timu zilikuwa 160. Kutoka chini kwenda juu madaraja ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini kabisa kuna ligi za mafunzo za Arizona na Florida, pamoja na ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi wana miaka 17 na 18.

Pengo kubwa zaidi kati ya madaraja hayo ni lile la kuingia Double-A. Huko mrushaji anaweza kurusha mpira wa kupinda hata akiwa nyuma kwenye hesabu (yaani amekosea mara nyingi kuliko mpigaji), na mpigaji anayesubiri mpira wa kasi peke yake huumbuka. Mpigaji akifaulu Double-A akiwa bado mdogo, naanza kumfuatilia kwa makini.

Zile herufi kwenye jedwali zina maana gani?

AVG ni wastani wa kupiga: hiti (mapigo yaliyomfikisha besi, yaani kituo, salama) ukigawa kwa mara alizopiga, bila kuhesabu besi za bure. OBP ni kiwango cha kufika besi kwa njia yoyote, pamoja na zile besi za bure anazopewa pale mrushaji anapokosea mara nne. SLG hupima nguvu kwa kuhesabu besi alizopata kwa kila pigo, hivyo homurani (mpira uliovuka uzio) ina thamani ya nne na hiti ya kawaida ina thamani ya moja. OPS ni OBP na SLG zikijumlishwa. ISO ni SLG ukitoa AVG, yaani nguvu tupu. BABIP ni wastani wa mipira iliyobaki ndani ya uwanja pekee, homurani na straikiauti (kutolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha) zikiwekwa kando. Halafu kuna wRC+, inayompima mpigaji dhidi ya ligi yake: 100 ni wa kawaida, 130 ni bora kwa asilimia 30.

Kwa anayeanza, tatu zinatosha: OBP, ISO, na asilimia ya straikiauti, ambayo utaihesabu mwenyewe kwa kugawa straikiauti kwa zamu zote, yaani kila mara aliyosimama kupiga, besi za bure zikiwemo.

Kijana anapiga 0.320. Si tayari ni nyota?

Bado. Kabla ya kushangilia uliza mambo mawili: ana umri gani, na anacheza daraja gani?

Wastani wa kupiga ndiyo namba inayotangazwa zaidi na ndiyo inayoyumba zaidi. Chukua wapigaji wawili, kila mmoja akiwa amepiga mara 100. Mmoja ana 0.300, mwingine 0.260. Tofauti yao yote ni hiti nne. Mpira mmoja uliomponyoka mlinzi, mmoja uliogusa mstari, mwingine ulioangukia nyuma ya shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), mwingine uliopotea juani, na mtu amehama kutoka kundi moja hadi jingine. Katika madaraja ya chini hali ni mbaya zaidi, kwa sababu walinzi wenyewe bado wanajifunza na mipira mingi ambayo ingedakwa ligi kuu huwa hiti.

Hapo BABIP husaidia. Ligi kuu yote kwa pamoja hukaa karibu na 0.300, na ligi ndogo huwa juu kidogo. Ukimwona kijana ana wastani wa 0.340 na BABIP ya 0.420, jua kwamba sehemu ya namba ile haitamfuata akipanda. Wenye mbio na wanaoupiga mpira kwa nguvu kila mara huweza kubaki juu ya 0.330 miaka kadhaa, lakini 0.420 haidumu kwa yeyote.

Kwa nini umri unatajwa kila mara?

Kwa sababu mwaka mmoja wa umri hapa ni mkubwa mno. Wastani wa umri Double-A ni takribani miaka 24. Mwenye miaka 20 anayepiga 0.270 pale anapambana na wanaume waliokwisha komaa, waliotoka vyuo vikuu, na anashikilia nafasi yake. Mwenye 26 anayepiga 0.310 pale pale huenda ni mwalimu mzuri kwa wenzake, lakini amebakiza muda mfupi sana.

Juan Soto alizaliwa Oktoba 1998. Alianza msimu wa 2018 Single-A, akapitia High-A, akacheza mechi nane tu Double-A, na Mei 20 mwaka huo huo Washington Nationals wakamwita ligi kuu akiwa na miaka 19. Alimaliza msimu na wastani wa 0.292, homurani 22 na OBP ya 0.406. Mwaka huo huo Vladimir Guerrero Jr., naye akiwa na miaka 19, alipiga 0.402 katika mechi 61 za Double-A akiwa New Hampshire. Namba kama hiyo kwa umri ule haihitaji mfasiri. Hata hivyo msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2019, ulikuwa wa kawaida: 0.272 na homurani 15. Mwaka 2021 ndipo alipofikisha homurani 48.

Kwa hiyo ninapofungua jedwali la mchezaji nisiyemjua, jicho langu huenda kwenye tarehe ya kuzaliwa kabla ya namba nyingine yoyote. Ningependa kila shabiki afanye hivyo. Makadirio mengi mabovu ninayoyasikia yangejisahihisha yenyewe mtu angetazama tarehe ile kwanza.

Michael Jordan alicheza ligi ndogo. Takwimu zake zinasemaje?

Swali hili huulizwa na mashabiki wa mpira wa kikapu, na ni zuri kwa sababu namba zake zinafundisha.

Mwaka 1994 Jordan alichezea Birmingham Barons, timu ya Double-A ya Chicago White Sox, chini ya kocha Terry Francona. Mechi 127, wastani 0.202, homurani 3, besi za wizi 30 (alizozikimbilia bila mpira kupigwa), besi za bure 51, straikiauti 114. Watu husimama kwenye ile 0.202 na kucheka. Tuendelee mbele kidogo.

Besi 51 za bure katika zamu takribani 500 ni asilimia 10. Mtu aliyekaa nje ya besiboli tangu sekondari, anayerudi moja kwa moja Double-A, anapata besi ya bure mara moja kwa kila zamu kumi: hilo ni jambo la kuheshimiwa. Straikiauti zake ni kama asilimia 23. Leo asilimia hiyo ni ya kawaida hata ligi kuu, lakini mwaka 1994 ligi kuu yenyewe ilikuwa na takribani asilimia 16, kwa hiyo kwa wakati wake zilikuwa nyingi. Kilichomfunga hasa ni nguvu. SLG yake ilikuwa 0.266, ukitoa wastani wa 0.202, ISO ni 0.064. Kwa mtu mwenye mwili ule hii inamaanisha gongo lilikuwa linachelewa na mpira haukuguswa katikati.

Kisha umri: alikuwa na miaka 31. Kijana wa miaka 19 mwenye namba hizo hizo Double-A angepewa miaka mitatu zaidi bila ubishi. Jordan hakuwa na miaka hiyo mitatu.

Straikiauti na besi za bure: kwa nini wachambuzi wanazishikilia hivyo?

Kwa sababu hapo mlinzi, upepo na bahati vimeondolewa. Wanabaki mrushaji, mpigaji na jicho la mpigaji. Na kwa kuwa hazichanganywi na mengine, zinaanza kusema ukweli mapema. Utafiti wa takwimu za ligi kuu unaonyesha kwamba asilimia ya straikiauti huanza kutulia baada ya zamu 60 hivi na ya besi za bure baada ya zamu 120 hivi, ilhali wastani wa kupiga unahitaji zaidi ya msimu mzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mookie Betts. Boston Red Sox walimchagua raundi ya tano ya drafti (uteuzi wa vijana wa kila mwaka) mwaka 2011. Mwaka 2012, akiwa Lowell, timu ya daraja la chini, alicheza mechi 71 na kupiga 0.267 bila homurani hata moja. Aliyetazama nguvu tu angemfuta kwenye daftari. Lakini kijana yule mfupi wa miaka 19 hakuwa akikosa mpira; besi zake za bure na straikiauti zake zilikuwa karibu sawa kwa idadi. Mwaka uliofuata alipiga 0.314 akiwa na homurani 15, besi za wizi 38, besi za bure 81 na straikiauti 57 tu. Mwaka 2014 alifika Portland, akapiga juu ya 0.350, na kabla ya Julai kuanza alikuwa Boston. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake.

Nguvu huweza kuja baadaye, mwili ukikomaa na mtindo wa kupiga ukirekebishwa. Jicho na mkono wa kuugusa mpira ni vigumu zaidi kuvifundisha. Hii ndiyo imani yangu kubwa katika jambo hili lote, na ndiyo sababu chipukizi mwenye homurani chache na straikiauti chache namtafutia nafasi kwenye orodha yangu mapema kuliko wengi wanavyofanya.

Tahadhari moja: besi za bure za madaraja ya chini zinaweza kuwa zawadi. Warushaji wa Single-A hawajui kuulenga mpira, na mpigaji aliyesimama tu bila kuzungusha gongo hupata besi nyingi. Akipanda, warushaji wanamjazia straiki na ule uvumilivu wake unageuka kuwa woga. Tazama kama besi za bure zinapungua kila anapopanda daraja. Na katika Triple-A kumbuka pia kwamba tangu 2023 mashine ya kuamua straiki imekuwa ikitumika kwa namna mbalimbali, nayo ilipandisha idadi ya besi za bure. Asilimia 14 kule haina uzito iliokuwa nao zamani.

Kijana ana homurani 40. Hiyo nayo nisiiamini?

Iamini, lakini uliza alizipigia wapi.

Mwaka 2005 Brandon Wood wa Los Angeles Angels, aliyechaguliwa raundi ya kwanza 2003, alikuwa na miaka 20 akichezea Rancho Cucamonga, High-A, kwenye ligi ya California. Alipiga 0.321 na homurani 43. Nchi nzima ilimzungumza. Lakini ligi ile ilikuwa na sifa ya kupandisha namba za wapigaji: hewa kavu na viwanja kama cha Lancaster, ambako upepo wa jangwani uliubeba mpira ukavuka uzio wenyewe. Pia alikuwa na straikiauti zaidi ya 120. Mwaka uliofuata, Double-A, straikiauti zilifika 149 katika mechi 118. Dalili zilikuwa pale, wazi, kwa aliyekuwa tayari kuziona. Alipofika ligi kuu, warushaji walimlisha mipira ya kupinda nje ya eneo la straiki naye akaifuata. Alimaliza kazi yake ya ligi kuu na wastani wa 0.186 na homurani 18.

Sisemi kwamba Wood hakuwa na kipaji. Homurani 43 hazipigwi na mtu wa kawaida kwenye kiwanja chochote. Nasema kipaji kile kilikuwa na tundu, na namba zake zenyewe zilikuwa zimelionyesha.

Viwanja vya kuangalia leo ni vya Pacific Coast League. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Reno na Salt Lake nazo ziko juu. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali, na mpira wa kupinda haupindi sawasawa. Kinyume chake ni Florida State League: hewa nzito yenye unyevu, na viwanja vikubwa ambavyo klabu za ligi kuu huvitumia kwa mazoezi ya majira ya kuchipua. Homurani 15 pale zinaweza kuwa na uzito wa 25 za kwingine. Portland nako, uzio wa kushoto wa Hadlock Field una urefu wa mita 11, umejengwa kwa kuiga ule wa Boston. Humnyima mtu homurani fulani na kumpa besi mbili mahali pake.

Dawa ni rahisi: tafuta namba zake za nyumbani na za ugenini, uzilinganishe. Kama nyumbani Albuquerque ana homurani 20 na ugenini 6, mpime kwa zile 6.

Na mpira wenyewe nao hubadilika. Triple-A ilianza kutumia mpira wa ligi kuu mwaka 2019 na homurani zikaongezeka ghafla. Kwa hiyo usilinganishe Triple-A ya 2018 na ya 2019 kana kwamba ni mchezo ule ule.

Nisubiri zamu ngapi kabla ya kutoa hukumu?

Kwa straikiauti, mwezi mmoja na nusu unatosha kuanza kuongea. Kwa nguvu, nusu msimu. Kwa wastani wa kupiga, sitoi hukumu kwa msimu mmoja hata nikishikiwa fimbo.

Kuna namba za kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Zinasaidia?

Sana, na zimebadilisha kazi hii. Kamera na rada za uwanjani hupima mpira ulitoka kwa kasi gani na kwa pembe gani. Pigo la kilomita 153 kwa saa au zaidi, yaani maili 95, huhesabiwa kuwa pigo kali. Wastani wa ligi kuu ni karibu kilomita 142. Takwimu za Triple-A hutolewa hadharani tangu 2023. Za madaraja mengi ya chini bado klabu huzifungia ndani.

Pigo moja kali kuliko yote linakuonyesha dari ya mtu, kwa sababu hakuna bahati inayoweza kumpa mtu dhaifu pigo la kilomita 180. Lakini ukiwa na namba moja tu ya kuchagua, chagua ile kasi ambayo pigo moja tu kati ya kumi yake huifikia au kuipita. Inatulia haraka na haidanganywi na pigo moja la siku ya bahati. Kisha iweke pembeni mwa straikiauti zake.

Elly De La Cruz ni mfano ambao watu wa Louisville waliuona kwa macho. Mwaka 2023 alicheza mechi 38 na Bats, akapiga 0.297 na homurani 12, mapigo yake yakiwa miongoni mwa makali zaidi nchini. Juni 6 Cincinnati Reds wakamwita. Straikiauti zake, ambazo Louisville zilikuwa zaidi ya robo ya zamu, zilipanda hadi theluthi moja ligi kuu, na wastani ukashuka hadi 0.235. Mwaka 2024 aliongoza ligi kuu yote kwa straikiauti, 218, na pia kwa besi za wizi, 67, huku akipiga homurani 25. Tundu lilikuja naye, na nguvu na mbio nazo zilikuja naye. Yote yalikuwa yameandikwa Louisville.

Maskauti (wasaka vipaji) wanasema “ana 60 kwenye nguvu.” Wanapimaje?

Kipimo chao huenda kutoka 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Wanatoa alama tano: kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Alama hutolewa mara mbili, ya leo na ya baadaye. Hivyo kijana wa miaka 18 anaweza kuandikiwa nguvu 30 kwa leo na 60 kwa mbele, kwa sababu skauti ameona mabega na kasi ya gongo lake.

Je, tumfuate skauti au takwimu? Chini, kwenye ligi ya Dominika na za mafunzo, mfuate skauti. Namba za kule karibu hazina maana. Kuanzia Double-A takwimu hupata sauti kubwa zaidi. Wakipingana, usikimbilie upande mmoja. Jose Altuve alisajiliwa Venezuela mwaka 2007 kwa dola 15,000 kwa sababu ya ufupi wake, akapiga kila daraja alilowekwa, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Takwimu zilimwona kabla ya macho. Kwa wengine, macho ndiyo yaliyotangulia.

Nafasi anayocheza ina uhusiano gani na upigaji?

Mkubwa. Mchezaji wa besi ya kwanza analipwa kwa gongo lake, kwa hiyo OPS ya 0.780 Double-A haimtoshi. Shotistopu, mdakaji au mchezaji wa uwanja wa kati mwenye OPS hiyo hiyo ni mali. Chunguza pia kama klabu imeanza kumhamisha: shotistopu anayepelekwa besi ya tatu, kisha uwanja wa kushoto, kisha besi ya kwanza, anadaiwa gongo kubwa zaidi kila anapohama.

Amepandishwa na sasa hapigi kabisa. Amekwisha?

Jackson Holliday alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti ya 2022. Mwaka 2023, akiwa na miaka 19, alipitia madaraja yote manne. Aprili 2024 Baltimore Orioles walimwita, akapata hiti 2 katika mara 34 na straikiauti 18, akarudishwa Triple-A ndani ya mechi kumi. Aaron Judge alipopanda Triple-A mara ya kwanza, 2015, alipiga 0.224. Mwaka 2016 alirudi pale pale akapiga 0.270, akaitwa Agosti na New York Yankees, akapiga 0.179 na straikiauti 42 katika mara 84. Msimu uliofuata alipiga homurani 52 na kuwa chipukizi bora wa ligi yake.

Siri ya Judge ilikuwa mara ya pili. Triple-A na ligi kuu zote mbili zilimshinda kwanza, kisha akarekebisha. Kwa hiyo mpigaji anayerudia daraja mtazame mwezi kwa mwezi: je, straikiauti za Agosti ni chache kuliko za Mei? Zikishuka, anajifunza. Zikibaki palepale kwa misimu miwili, naanza kuwa na wasiwasi.

Anapiga vizuri mno. Kwa nini klabu haimpandishi?

Wakati mwingine sababu si besiboli. Mchezaji anahitaji siku 172 kwenye ligi kuu kuhesabiwa mwaka mmoja kamili wa utumishi, na miaka sita humfanya huru kujiuza kwingine. Kris Bryant alipiga homurani 43 ligi ndogo mwaka 2014, zikiwemo alizopiga Iowa. Chicago Cubs wakamwanzishia 2015 kule Des Moines na kumwita Aprili 17. Alimaliza mwaka na siku 171, pungufu ya siku moja, hivyo Cubs wakabaki naye mwaka wa ziada. Alishinda tuzo ya chipukizi bora mwaka huo, na ya mchezaji bora mwaka uliofuata. Alilalamika rasmi akashindwa. Naliona jambo lile kuwa dhuluma hadi leo. Tangu makubaliano ya 2022, chipukizi anayemaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za tuzo hupewa mwaka kamili.

Sababu nyingine ni orodha ya wachezaji 40. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano klabu lazima imweke kwenye orodha hiyo, la sivyo klabu nyingine inaweza kumchukua Desemba. Kwa aliyesajiliwa na miaka 19 au zaidi ni misimu minne. Novemba ikifika, angalia nani amewekwa: klabu huonyesha hapo inamwamini nani.

Analipwa kiasi gani wakati huu wote?

Makubaliano ya 2023 yaliweka kima cha chini cha mwaka kuwa dola 26,200 Single-A, 27,300 High-A, 30,250 Double-A na 35,800 Triple-A. Ligi kuu, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Hatua moja ya mwisho ina thamani ya zaidi ya mara ishirini. Ukimwona kijana wa Triple-A anapiga gongo chini kwa hasira baada ya straikiauti ya mechi isiyo na maana, kumbuka namba hizi.

Kuna Mwafrika aliyepita njia hii?

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Alipita madaraja yote kwa karibu miaka tisa, wastani wake ukikaa karibu na 0.230, straikiauti nyingi, lakini ulinzi wake wa shotistopu ulikuwa wa ligi kuu. Aprili 26, 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na katika zamu yake ya kwanza alipata hiti dhidi ya Jon Lester wa Cubs. Kwa gongo peke yake asingefika. Glavu ndiyo iliyomfikisha.

Kwetu Afrika Mashariki, Uganda iko mbele. Watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport mwaka 2012, baada ya wenzao wa Kampala kunyimwa viza mwaka 2011. David Matoma, mrushaji mwenye kasi kubwa, alisajiliwa na Pirates. Kwa wapigaji safari ni ndefu zaidi, na sababu yake si kipaji. Jicho la kuutambua mpira wa kilomita 150 kwa saa hujengwa kwa maelfu ya mipira ya kasi hiyo tangu utotoni, na mtoto wa Lugazi hana wa kumrushia. Akipatikana mpigaji wa Uganda kwenye ligi za mafunzo akiwa na miaka 20, msimpime kwa umri kama Mdominika wa miaka 20. Hesabuni miaka aliyokutana na mipira ya kweli.

Ni lini nikubali kwamba huyu hatafika?

Sitaji umri mmoja kwa wote. Mpigaji wa miaka 26 Triple-A, asiyewekwa kwenye orodha ya 40, mwenye straikiauti zaidi ya asilimia 28 na anayecheza besi ya kwanza, ana mlango mwembamba sana. Shotistopu wa umri huo huo mwenye straikiauti asilimia 17 bado anaweza kuitwa kesho mtu akiumia. Wengi huitwa hivyo, wakacheza wiki mbili na kurudi.

Takwimu zenyewe nazipata wapi?

Bure kwenye tovuti rasmi ya ligi ndogo, na kwenye Baseball-Reference na FanGraphs. Kasi za mapigo ya Triple-A ziko Baseball Savant. Fungua ukurasa wa mchezaji, anza na tarehe ya kuzaliwa, kisha daraja, kisha ugawe straikiauti kwa zamu.